Lisilouma

Nilipanda ngazi za mawe pale Igogo,
shavu limefungwa kanga, kichwa kimelala upande
kama cherehani iliyovunjika mguu.
Siku tisa sikupata usingizi.
Nimesukutua chumvi, nimetafuna karafuu,
Kabula wa chumba cha pili kaleta pamba ya mafuta ya taa,
shemeji kaapa kwa tumbaku.
Jino likavisikiliza vyote, likaendelea kuuma.

Nilikwenda na hukumu mkononi:
dawa ya jino ni kung'oa.
Nimeambiwa hivyo tangu nina meno ya utoto.
Noti nimezikunja kwenye sidiria.
Sikuja kuzungumza.

"Ng'wangaluka mayu," akasema Daktari Bhoke,
Kisukuma chake kimepitia Tarime.
"Keti. Lipi?"
Nikaonyesha kwa kidole. Hili. Hili jizi.

Akaligonga kwa kichuma, nikaruka.
Akalipuliza hewa baridi, nikaiona Ukerewe.
Kisha akagonga la jirani yake,
lile ninalokatia uzi tangu nijue kushona,
nami nikatulia tuli.
Hilo halina neno, nikasema,
halijanisumbua hata siku moja.
Akaligonga tena.
"Husikii?"
Sisikii.
Akasubiri kidogo, kama mtu aliyebisha hodi
kwenye nyumba isiyo na mtu.

Picha akaiinua dirishani.
Nyuma yake ziwa, kivuko cha Kamanga kinageuza pua,
na juu ya maji hayo meno yangu
yamesimama kama mawe ya mji huu.

"Hili unalolishtaki lina shimo, ila shimo halijafika kwenye mshipa.
Linalia kwa kuwa li hai.
Nitalisafisha, nitaliziba, mtazeeka pamoja.
Hili lililonyamaza ndilo limekufa, mama.
Mzizi umepasuka kwa urefu,
usaha umejichimbia chini, mfupa umeanza kuliwa.
Ingekuwa mwaka juzi, pengine.
Kung'oa ni neno langu la mwisho,
na kwa hili nimefika mwisho."

Nikamwomba dakika.
Miaka kumi na tisa ya nyuzi:
sare za shule kila Januari,
shela za mabibi harusi wa Pasiansi,
na sanda moja, ya mama,
niliyoikata uzi kwa jino hilohilo
kwa sababu mkasi haukuonekana.
Mkasi ulikuwepo.
Ulikuwa unaning'inia shingoni mwangu.

Sindano. Ganzi. Mdomo ukawa wa mtu mwingine.
Maumivu hayakuja; ilikuja sauti,
msumari unatoka kwenye mbao mbichi,
taratibu, haupendi.
Akanipa mkononi, ndani ya shashi.
Dogo! Nami nilidhani nimebeba jiwe la Bismarck.
Na kwenye ncha yake, mfereji mmoja
mwembamba, mnyoofu, umechimbika:
kazi ya mikono yangu.

"Uma pamba nusu saa. Leo usisukutue.
Chai ya moto, hapana.
Na uzi, mama. Mkasi."
Nikauliza, kwa mdomo ule wa kuazima, habari ya jino la bandia.
Akacheka. Hilo walishalijibu wahenga, akasema,
lakini njoo mwezi ujao, tutawabishia.

Jioni niko Makoroboi, ganzi imeniaga.
Ulimi unakwenda kwenye pengo, unarudi, unakwenda tena,
kama mteja ambaye hajaambiwa duka limehama.
Mara mbili nimeinua uzi hadi mdomoni
nikaushusha.
Jino lenyewe nimelitia kwenye kopo la vifungo.
Linafanana navyo. Ipo siku nitalishonea mtu.

Lile linalouma liliziba Alhamisi iliyofuata.
Nikinywa maji ya mtungi bado linanong'ona kidogo,
upande huu wa kushoto.
Zamani ningelikemea.
Siku hizi naweka sindano chini,
naliambia: sema.