Aliyempiga Teke Kalama

Kalama aligeuka amtukane aliyempiga teke.
Nyuma hapakuwa na mtu.
Palikuwa na lori, soko la Kongowea, saa kumi na moja alfajiri,
na gunia lililomponyoka begani likapasuka,
vitunguu vikabingirika hadi mtaroni.
Mlio aliusikia, paa! kama bakora juu ya meza,
kisha mguu ukawa wa mtu mwingine.

Mimi nilikijua kisigino chake kabla sijamjua yeye.
Kwenye picha: weupe, giza, weupe tena,
ncha mbili zimechanguka kama fagio la chelewa.
Nikapima pengo. Sentimita tatu na nusu.
Nikaandika, nikanywa chai.

Kazi yangu ni kano.
Kila Jumatatu huenda Marikiti kwa Mbwana Shee
kuchukua miguu minane ya mbuzi.
"Supu gani hii, mama, isiyokwisha?"
Nacheka. Nimwambieje
kwamba Tononoka, ghorofa ya pili,
tunazibana kano hizo kwenye mashine na kuzivuta?
Mstari wapanda kwenye skrini, wapanda,
watetemeka kidogo,
halafu chini.
Ninachokitafuta hakipo hapo chini.
Kipo kwenye ule mtetemo.

Tuna mayai pia.
Kifaranga wa siku kumi na nne hupiga mateke ndani ya ganda,
na kila teke ni agizo:
seli, shikeni foleni; nyuzi, elekeeni huku.
Tuliowatia dawa wasitikisike
walitoka na kano nyembamba, legevu,
kama barua iliyoandikwa na asiyejua anamwandikia nani.
Usiku umeme ulipokatika, Dzame mlinzi
aliyafunika mayai kwa koti lake.
Hata hivyo tulipoteza sita.

Na panya.
Kitoto cha siku tano, ukikikata, hupona bila alama.
Mamake haponi hivyo. Yeye hupata kovu:
nyuzi za haraka, shaghalabaghala,
mwili ukiziba kama mtu azibaye paa usiku wa mvua
kwa chochote kilichomjia mkononi.
Mdogo ajua nini ambacho mkubwa amesahau?
Mwaka wa tisa huu nauliza.

Wako wasemao kiini cha kano ya mtu
husokotwa hadi miaka kumi na saba hivi,
kisha duka hufungwa.
Ikiwa ni kweli, basi kilichokatika Kongowea
ni nyuzi zile zile Kalama alizokwelea minazi ya babake
kule Kaloleni, kabla hajajua uzito wa gunia.
Sikumwambia. Angenidai fidia ya utoto.

Baba yangu aliwamba vitanda Kisauni.
Akimaliza safu hupiga kamba kwa kidole, akatega sikio.
"Ikilegea hailaliki. Ukiikaza mno utavunja tendegu."
Mashine yetu ilikuja kwa meli, na kodi juu yake,
na bado haijakifikia kile kidole.

Plasta ilipotolewa, Kalama alitaka kulala tu.
Siku ya pili akataka kubeba.
Nikamkatalia yote mawili.
Nikaweka tofali sakafuni: panda kwa vidole, shuka polepole,
kumi na tano, pumzika, tena.
Kovu halijui upande, nikamwambia, hadi livutwe.
Akanijibu kwa Kigiriama neno nisilolijua,
na Dzame mlangoni akaangua kicheko.

Wiki ya ishirini na mbili, picha mpya.
Pengo hakuna. Kano imekuwa nene, yenye mafundo,
mistari imeanza kulala upande mmoja,
si yote.
Si ile ya zamani, nikamwambia.
"Hata mimi si yule," akasema, akavaa kandambili.

Nilisimama dirishani nimtazame akishuka ngazi za nje.
Kulia, kushoto. Hachechemei.
Alipofika ya mwisho
akasita,
akageuka, akaangalia nyuma.