Pishi ya Mfuto

Barua imenifika, Konde jana alasiri,
Sheha kaja, kaishika, kaisoma kwa usiri:
Posho yote yakatika, mpaka deni sifuri.
Nipimie ya mfuto, usiitie kilele.

Wete ndimi wa awali, kufuli halijatoka,
Sikiza, karani Ngwali, sikuja deni kuruka,
Cha wenyewe hakilali, ukikila kitazuka.
Nipimie ya mfuto, usiitie kilele.

Mliandika majina, watoto wane wa kwangu,
Tukaja tukaachana, mimi na huyo mwenzangu,
Na wana tukagawana, wawili mbali na chungu.
Nipimie ya mfuto, usiitie kilele.

Makame naye Sabiha, Mkoani wakapanda,
Kulipokucha, kwa sheha, sikungoja, nalikwenda,
Kasikia kwa staha, kalamu ikamshinda.
Nipimie ya mfuto, usiitie kilele.

Miezi sita ikaja, posho ya wane ni ile,
Nikadhani ni faraja, ya mwaka wa njaa ule,
Sikununua vioja: bati tano, na mchele.
Nipimie ya mfuto, usiitie kilele.

Tena viatu vya skuli, jozi mbili za Kichina,
Mkwe wangu hana hali, kabaki, hakuachana,
Risiti ya spitali, nimeihifadhi sana.
Nipimie ya mfuto, usiitie kilele.

Fedha zimekwishaliwa, na hesabu nakubali,
Elfu tisini, sawa, sipunguzi hata mbili,
Ila wanaozuiwa, ni wa halali wawili.
Nipimie ya mfuto, usiitie kilele.

Na kosa lina wazazi, si la mama peke yake,
Mimi nilisema wazi, sheha ana fungu lake,
Nanyi wenye hii kazi, na lenu mlitamke.
Nipimie ya mfuto, usiitie kilele.

Mkikata yote pia, mwezi huu tule nini?
Muhogo nimeulea, ungali mwembamba chini,
Kwa Faki nimezidia, jina nyuma ya mizani.
Nipimie ya mfuto, usiitie kilele.

Bombani nikisimama, hunong'ona, "Kala posho,"
Jina la wizi si jema, halitakati kwa josho,
Nitalipa, nimesema, pasi haja ya vitisho.
Nipimie ya mfuto, usiitie kilele.

Msimu wa karafuu, nakumbuka, nikichuma,
Tajiri ajaza juu, kilele kama mlima,
Kulipa hana nafuu, "Pishi moja," akasema.
Nipimie ya mfuto, usiitie kilele.

Ngwali kavua miwani, akakisogeza kiti,
Kasema, "Mashine ndani, ndiyo yenye masharti."
Nikamuuliza, "Kwani, nayo huila chapati?
Nipimie ya mfuto, usiitie kilele."

Akacheka, kaandika, "Elfu tano, si zaidi,
Mwezi mwezi kukatika, hadi itimu idadi."
"Penseli hufutika, wino ndio ushahidi.
Naam, hiyo ya mfuto, haikutiwa kilele.

"Kitabu kisifungike, jengine nimelijia:
Sabiha, na begi lake, kwangu jana karejea,
Ni huyo; viatu vyake, mlangoni kavivua.
Nipimie ya mfuto, usiitie kilele.

"Andika leo, watatu, tarehe na saa tia,
Nisije kula cha mtu, wala changu kupotea,
Hapa sibanduki katu, nakala sijachukua.
Nami kwenu ya mfuto, sikutilia kilele."