Kichwa cha Saba

Asubuhi ya Mestia haiji yenyewe, husukumwa kwa koleo:
theluji imefika kwenye kitasa cha mlango wa shule,
na ile minara ya mawe nje imevaa kofia.
Nimeingia na riwaya kwapani,
kurasa mia tatu na ushei:
binti aitwaye Tsira anapanda mlima
kumuua devi, jitu la vichwa tisa.

Nilijiandaa. Nilipiga mstari ubaoni:
kushoto USHUJAA, kulia WEMA.
Chaki ilikatika. Ningepaswa kuelewa.

Sura ya kumi na moja.
Vichwa sita vimeshaanguka, vinafuka kama magogo.
Cha saba hakitemi moto. Kinalia.
Kina jino bovu, limekiuma miaka mia,
na katika miaka mia yote hiyo
hakuna aliyekikaribia bila upanga.
Tsira anauweka wake chini. Anatafuta koleo.

"Basi hadithi imeharibika," akasema Jansug,
aliyerithi hasira za kaka zake watatu.
"Devi ni devi. Mponye Jumatatu,
Jumanne anakula mbuzi wako."
Darasa likacheka. Nami nilicheka, nisiseme uongo.
Lamzira akauliza kama jino la devi lina bei.

Ndipo Bimurza, ambaye tangu Septemba
hajanijibu ila "ndiyo" na "sijui",
akasimama. Hakuja ubaoni. Alikwenda jikoni kwetu,
lile jiko la chuma pembeni,
akafungua kimlango, akapanga kuni mbili
kwa mikono yenye masizi ya leo, ya jana, ya juzi,
masizi ambayo mimi, mwalimu, niliyaandikia ripoti:
*Mchafu. Mzazi aitwe.*

"Aliogopa zaidi hapo," akasema, mgongo kwetu.
"Kukata, unaweza kufumba macho.
Kung'oa jino lazima uingize mkono mdomoni
na uangalie."

Hakuna aliyecheka. Jansug alilitazama jiko
kana kwamba limewashwa leo kwa mara ya kwanza.
Kila siku tunakuta darasa lina joto.
Tulidhani ndivyo madarasa yalivyo.

Nikachukua kifutio niufute ule mstari;
kengele ikaniwahi. Wakatoka mbio,
glavu, kelele, mlango ukibamizwa.
Jansug alibaki nyuma kidogo
amebeba gogo moja,
hajui aliweke wapi.

Vichwa viwili vilivyosalia
tutavisoma Alhamisi.