Kiti Kinacheza

Karatasi ilifika na doa la kahawa,
imekunjwa mara nne kama barua ya aibu.
Leland, kaka yangu, akaitupa juu ya meza ya jikoni.
Hii ndiyo ofisi yetu: meza, kalamu, birika,
na nje, kwenye theluji ya Nebraska, malori matatu.

"Mizani za Wyoming," akasema. "Uzito sawa, breki sawa,
tairi kumi na nane, zote zina meno.
Kisha yule mkaguzi, Bibi Trujillo, akapanda kabini,
akakishika kiti changu kwa mikono miwili
akakitikisa kama anayemwamsha mlevi."

Nikasoma. Kiti cha dereva hakijashika sakafuni.
Kirekebishwe. Mwenye gari atie saini,
airudishe ndani ya siku kumi na tano.

"Wewe tia saini tu. Kiti cha hewa lazima kicheze.
Bila hivyo mgongo wangu
ungekuwa unga zamani."
Akavua buti, akaenda kulala.

Mimi si fundi. Mimi ni wa kalamu.
Nalijua neno *nathibitisha*,
linavyoingia kwenye kisanduku chake bila kelele.
Mara ngapi nimeliwekea jina langu chini
nikiwa na ndara miguuni, maharage yakiungua?

Siku ya kumi na tatu nikavaa koti la marehemu baba,
nikachukua tochi na spana, nikatoka.

Nikakaa. Kiti kikanipokea kwa umbo la mtu mwingine:
bonde upande wa kushoto, anakoegemea Leland
tangu alipoanguka ghalani akiwa na miaka tisa.
Nikajisukuma mbele. Nyuma.
Hewa ikahema chini yangu. Vyema, huo ni mchezo wa halali.
Kisha nikasikia mwingine, chini ya ule wa kwanza:
tk.
Chuma kinagusa chuma, kinakiacha.

Nikapiga magoti. Bolti zilipaswa kuwa nne.
Ya kwanza ilikuwa tundu.
Ya pili imekazwa juu ya sarafu tatu zilizotobolewa katikati;
kazi ya Leland, naijua mikono yake.
Ya tatu, kutu imeila sakafu pembeni mwake
kama panya: kuuma na kupuliza, kuuma na kupuliza,
mwenye mguu asihisi.
Ya nne ndiyo iliyofanya kazi ya zote,
kimya, kama mtu fulani ninayemfahamu jikoni.

Tani thelathini na sita nyuma ya kisogo chake.
Mkanda umemfunga kwenye kiti.
Kiti kimefungwa kwenye nini?

Sikumwamsha. Nilimpigia simu Vernon Hruska,
akaja na bamba la chuma, bolti mpya, mtungi wa gesi.
Nikamshikia tochi hadi vidole vikawa vya mtu mwingine.
Hakuuliza nani alitoboa zile sarafu.
Alizitia mfukoni mwangu.

Leland akatoka na soksi: "Mnachoma nini humo?"
Akapanda. Akajitikisa. Akajitikisa tena.
"Kigumu," akalalamika.
"Basi, mwenyekiti," nikamwambia,
"kikao kimeahirishwa hadi Jumatatu."
Hakucheka. Alikaa mle muda mrefu, mlango wazi,
theluji ikimwangukia gotini,
mkono wake ukipapasa chini ya kiti
kama anayetafuta kitu alichokificha mwenyewe.

Nikarudi ndani, nikatia saini.
*Nathibitisha.* Wino ulikuwa umeganda,
ikabidi niupashe moto kwa pumzi.

Bahasha iliondoka siku ya kumi na nne.
Siku hizi, kanisani, kabla sijakaa,
nalishika benchi kwa mikono miwili.
Watu wananitazama.
Nalitikisa.