Jeli Mkono wa Kushoto

Mbuke wa Mwaloni alikuja Jumatano,
akaweka mikono juu ya taulo langu
kama mtu anayeweka mzigo kwenye mizani.
"Wewe ndiye fundi," akasema. "Niambie."

Nikamwambia, ndiyo kazi yangu
hapa Kirumba, chumba cha mlango mmoja
na bango la mkono wenye vidole sita
(mchoraji alikosea, nikamlipa nusu).

Jeli ni pole. Huikubali kucha ilivyo.
Ukijigonga kwenye ndoo, inapinda nawe.
Ila haikauki bila taa,
na taa haiwaki bila Luku,
na Luku, dada, unaijua.

Akriliki ni poda na maji yake.
Hugandishwa na hewa tu, haiombi umeme,
ngumu kama majabali ya Bugando.
Lakini inanuka. Jirani wa duka la mbolea analalamika,
yeye, wa mbolea!
Na ikivunjika haiagi,
huondoka na kipande chako.

"Mimi napasua sangara," akasema,
"tangu saa kumi alfajiri. Kulia kisu.
Kushoto vidole vimo ndani ya mashavu ya samaki."
Gumba la kulia lilikuwa na nusu kucha.
Nusu nyingine ilibaki kwenye ubao
mwaka ule sangara walipokuwa na kimo cha mtoto.

Hakuja kutafuta urembo. Alikuja kutafuta Jumamosi:
sendofu ya Nyanzala, bintiye wa kwanza,
ukumbi wa Igoma, na mshereheshaji atasema,
"Sasa mama amlishe mwana keki,"
na kamera mbili zitainama
juu ya mkono huu.

Nikaanza na jeli, kushoto,
rangi ya ganda la kitunguu.
Vidole vikaingia chini ya mwanga wa zambarau,
vikatoka vinang'aa kama jicho la samaki mbichi
(yeye ndiye aliyesema hivyo, akacheka),
kisha feni ikapunguza mwendo,
redio ya jirani ikameza neno katikati.
Haikuwa Luku. Ulikuwa mtaa mzima.

Tukangoja hadi maji ya kuloweka yakapoa.
"Nipe ile nyingine," akasema, "mkono huu."
Nikavuta kigoda mlangoni,
nikachovya brashi, nikaokota poda,
nikalijengea gumba kucha kamili.
Mkono mmoja unaopinda, mmoja usiopinda.
Sikuwa nimewahi kufanya hivyo.
Nilimtoza bei ya katikati.

Baada ya wiki mbili alirudi.
Jeli imenyanyuka pembeni, maji yameingia.
Akriliki, vidole vitatu vimekatika.
Gumba tu limesimama, kaidi.
Nikaanza kupanga maneno ya kujitetea.
Hakulaumu hata mkono mmoja.

"Nilimlisha kwa kulia," akasema.
"Kamera zikaja. Nyanzala akafungua mdomo,
akatafuna polepole,
akainama sikioni mwangu:
Mama, mkono wako haunuki samaki.
Nikadhani ananisifu.
Kumtazama, macho yamejaa."

Alinyamaza kidogo. Na mimi.
Nje mtu alikuwa akibishania bei ya dagaa
kana kwamba dunia nzima inapimwa kwa sado.

"Toa," akasema. "Kesho mzigo unaingia kutoka Kome."
Nikalowesha pamba kwenye asetoni,
nikafunga vidole kimoja kimoja kwa foili
hadi mikono yake ikafanana na kitu cha kuoka.
Jeli ikalainika, ikatoka kama ngozi ya maziwa.
Akriliki ikabishana, kisha ikakubali.

Gumba nililiacha mwisho.
Nilipolifikia, akalivuta.

"Hili liache," akasema.
"Linabandua magamba vizuri."