Yenye Tundu

Nyuma ya mitumba ya Kiborloni
Aminieli ametandika kitambaa cheusi:
dola za fedha za Marekani,
za tangu babu hajatahiriwa.
"Shika ukingoni, dada. Jasho hula sura."
Anazipima kwa mizani ya tanzanaiti,
anataja bei kwa sauti ya msibani.

Mimi naitazama ya tatu,
yenye tundu juu ya paji la yule mama wa Kizungu.
Baba aliposhuka mlimani na mzigo wa wageni
alipewa hiyo, bahashishi isiyochenjika;
benki ikasema sarafu hatupokei.
Akachukua msumari,
nikaivaa shingoni hadi mwaka ule tuliokosa ada.

"Hiyo nakupunguzia," anasema.
"Kuna mjinga aliitoboa."