Na Mgeni?

Nilianzia nyuma ya daftari la risiti,
dukani, saa nane mchana, Tabora imelala kwa joto
na mashine ya fotokopi inanuka kama pasi iliyosahauliwa.
Chumba, Isevya: elfu thelathini kwa mwezi.
Mzee Kapela anataka ya miezi sita, mkononi,
ya kwenye simu hataki, anasema haina uzito.
Laki na themanini.
Nilikuwa na laki nne. Miezi minane
ya kukataa soda, ya kutembea kwa mguu toka Ipuli
mpaka raba ikafungua mdomo.

Godoro, tatu kwa sita: themanini na tano.
La nne kwa sita nililigusa tu.
Nikamwambia muuzaji mimi hulala kama mshale,
upana wa nini. Akacheka. Hakupunguza.
Mtungi mdogo wa gesi: hamsini na tano.
Ndoo mbili na beseni: kumi na nane.
Sufuria, mwiko, sahani moja,
hapana, mbili: ishirini na nne.
Kufuli, maana la Mzee Kapela funguo zake zimezagaa mjini: kumi na mbili.
Guta la kuhamisha: nane.
Pazia: kumi na tano.
Pazia nikalifuta.
Khanga ya mahafali itasimama dirishani.

Nikabakiwa na kumi na nane
na siku kumi na moja hadi mshahara.
Unga, dagaa, umeme wa elfu mbili.
Hesabu ikatulia
kama kuku aliyefungwa miguu.

Mama aliuza karanga stesheni miaka kumi na tisa,
treni iwahi, treni ichelewe; namba humwogopa.
Alipitisha kidole mstari kwa mstari, midomo ikicheza.
Hakupinga godoro. Hakupinga hata Isevya.
Alipofika chini akaigeuza karatasi,
akatazama upande mweupe.
"Na mgeni?"
Mgeni gani, mama?
"Mimi nitajuaje? Wewe ndiye mwenye nyumba."
Mdogo wangu Mihayo alikuwa keshaanza
kupima nafasi ya kitanda changu kwa hatua.

Jumamosi, guta likiwa limeshafungwa kamba,
mama akatupia juu mfuko wa michembe.
"Haimo kwenye karatasi yako," akasema,
akaingia ndani kabla sijajibu.

Usiku nikapika.
Mkono ukaingia kwenye unga kama ulivyozoea
tangu nina miaka kumi: mara, na tena, na tena.
Nilipozinduka, ugali ulikuwa wa watu saba.
Unga wa siku nne umesimama sahanini,
unafuka, unanitazama.
Na dagaa hawana chumvi.
Nilihesabu hadi kufuli, chumvi sikuihesabu,
kwa sababu nyumbani chumvi ipo tu,
kama ukuta.

Ng'ambo ya ukuta mtu akakohoa, redio ikapunguzwa.
Nikagonga mlango wake na ile sahani ya pili, imejaa.
Akafungua mama mmoja, taulo begani,
hakuniuliza jina.
"Umesahau nini?"
Nikakosa la kusema.
"Kila anayehamia chumba hicho husahau kitu.
Aliyekutangulia alisahau kiberiti,
akakaa gizani siku mbili kwa aibu."
Jina lake Nyamizi. Alikuja na chumvi kwenye kifuniko cha chupa,
akakaa juu ya ndoo yangu mpya, mimi juu ya godoro,
tukala hadi sufuria ikalia.
Akaitazama khanga dirishani, akasoma maandishi yake
kwa sauti, taratibu, akaguna.

Alipoondoka nikafungua daftari.
Mgeni, nikaandika. Nikaweka nukta mbili.
Nikaacha wazi.
Unga: umebaki wa siku saba.
Siku: kumi na moja.
Michembe,
na kalamu ikakaa hapo hapo.